Hati za magonjwa jijini London: zilizuia maambukizi au zilihesabu tu?

Tangu sheria ya 1889, daktari wa London aliyegundua ndui, dondakoo, homa ya matumbo, homa nyekundu au ugonjwa mwingine wa kuambukiza uliotajwa na sheria alipaswa kupeleka hati mara moja kwa mganga wa afya wa mtaa. Hati ilitaja mgonjwa, nyumba aliyomo na ugonjwa wake. Daktari alilipwa shilingi 2 na peni 6 kwa mgonjwa wake binafsi, shilingi 1 kwa mgonjwa wa taasisi ya umma. Aliyenyamaza alikabiliwa na faini isiyozidi shilingi 40.

Nguvu ya mpango huu ilikuwa katika yaliyofuata. Ndani ya saa 12 nakala ilitakiwa iwafikie wasimamizi wa hospitali za kutenga wagonjwa na, kama ni mtoto, mwalimu mkuu wa shule yake. Bwana afya alifika nyumbani, akauliza maji, choo, shule na muuza maziwa. Swali la maziwa halikuwa dogo: nyumba kadhaa zisizojuana zikionekana daftarini na muuzaji mmoja, chanzo cha homa kilianza kujulikana. Daftari la vifo lisingefichua hilo mapema, kwani wengi waliougua homa nyekundu walipona.

Madaktari waliopinga walisema siri ya mgonjwa inavunjwa na watu wataogopa kuwaita. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Hati ilimaanisha matandiko kuchukuliwa kutiwa dawa, watoto kuzuiwa shule, pengine mzazi kukosa kibarua. Familia ya chumba kimoja yenye mtoto aliyeugua kidogo ilikuwa na kila sababu ya kutomwita daktari, na mtoto huyo akarudi darasani akiwa bado anaambukiza. Kwa hiyo mtaa maskini wenye hati chache haukuwa lazima mtaa salama.

Takwimu nazo zina mitego. Maabara zilipoanza kupima makamasi ya koo, dondakoo hafifu lililokuwa likiitwa tonsili likaingia daftarini. Idadi ikapanda hata pale ugonjwa haukuongezeka. Madaktari wawili wakimwandikia mgonjwa mmoja, alihesabiwa mara mbili kama karani hakulinganisha anwani. Aliyegunduliwa akiwa hospitalini alipaswa kurudishwa kwenye hesabu ya mtaa alikotoka.

Surua ndiyo inayonishawishi zaidi kwamba hati peke yake haitoshi. Ilitakiwa kuripotiwa kote England na Wales tangu 1916, na amri ikafutwa mwishoni mwa 1919. Surua huambukiza siku kadhaa kabla ya vipele. Daktari anaposhika kalamu, ndugu na wanadarasa wameshaipata. Faida iliyobaki ni kumpeleka muuguzi nyumbani mapema, kabla mtoto hajapata nimonia, na hiyo ilitegemea kama mtaa ulikuwa umeajiri wauguzi. Anayelinganisha mitaa ya wakati ule aanze na hesabu ya mabwana afya, wauguzi na vitanda, kisha ndipo afungue jedwali la hati.