Mnaniuliza miguu, niulizeni mkojo

Kila nikipita na binti yangu soko la Majengo, lazima apatikane mtu wa kuniuliza, tena kwa nia njema kabisa: "Mama, huyu atatembea lini?" Najibu kwa kifupi kwamba anatembea kwa magongo, na safari ikiwa ndefu anakaa kwenye kiti mwendo. Muulizaji anasema pole, pengine ananiongezea fungu la mchicha, tunaagana. Binti, aliyezaliwa na mgongo wazi, ana miaka tisa sasa, na sijakutana na mtu hata mmoja aliyeniuliza: anakojoaje?

Kwangu mimi hilo ndilo swali lenyewe.

Mtoto wa mgongo wazi, uti wa mgongo wake haukufunga vizuri tangu tumboni. Mishipa ya fahamu ya pale chini ndiyo inayoendesha miguu, na ndiyo hiyo hiyo inayoongoza kibofu na haja kubwa. Upasuaji unaziba uwazi ili vijidudu visiingie. Wetu ulifanyika Muhimbili akiwa na siku chache, ukaenda vizuri, lakini mishipa iliyoharibika haikurudi. Baadaye maji yakajaa kichwani, kama inavyowatokea wengi wao, akawekewa mrija wa kuyashusha tumboni. Kovu watu wanaliona, kichwa wanakiona, miguu wanaiona. Kibofu hakionekani. Mkojo unabaki ndani, unaleta maambukizi, unarudi juu kwenye figo, na figo zinaharibika kimya kimya wakati mama anahangaika kutafuta viatu vya chuma.

Dawa yake ni mpira wa mkojo. Unaingiza mpira mwembamba, mkojo wote unatoka, unauchomoa. Kila baada ya saa tatu au nne, kila siku, maisha yote. (Mpira ni jina tu. Wetu ni wa plastiki, kwa sababu watoto hawa wengi hupata mzio wa mpira halisi. Nyumbani kwetu hata maputo ya sherehe hayaingii.) Wengi wanadhani kazi hiyo inataka chumba cha hospitali na glavu. Mwaka 1972 daktari mmoja wa Marekani, Jack Lapides, alionyesha kuwa usafi wa kawaida unatosha: mikono iliyooshwa, mpira safi, na mgonjwa anaweza kujifanyia mwenyewe. Kwetu kila kitu kinakaa kwenye kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko, na siku ya mgao wa maji kuna dumu moja ambalo hakuna anayeruhusiwa kuligusa, hata kwa chai.

Mama mkwe wangu alikuja kutoka Kongwa mwaka ule nilipolazwa kujifungua mdogo wake binti. Hajui kusoma. Nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza, maana nilijua habari za mkosi na laana zingeanza. Hakusema neno. Alinitazama nikifanya mara mbili, mara ya tatu akanawa mikono hadi kwenye viwiko, akaniambia, "Sogea, mwanangu." Nilikaa wodini siku nne. Nyumbani mtoto hakuchelewa hata zamu moja.

Ndiyo maana sikuielewa shule ya kwanza tuliyokwenda. "Mama, hapa hatuna nesi," nikaambiwa, kwa upole, daftari la kuandikisha likiwa limeshafungwa. Ngazi zilikuwa mbili tu na mwalimu mwenyewe alisema wangemnyanyua. Miguu haikuwa tatizo! Tatizo lilikuwa pampasi, harufu, na nani atafanya ile kazi. Shule ya pili walikubali kwa sharti kwamba nitakuja mwenyewe. Darasa la kwanza lote nilikwenda saa nne asubuhi na saa saba mchana, mume wangu akinikimbiza kwa bodaboda yake na vumbi la Nkuhungu, anaacha abiria wake. Mama asiye na bodaboda nyumbani anafanyaje? Anamwacha mtoto ndani. Ukimkuta mtoto wa mgongo wazi hajaenda shule, usikimbilie kusema wazazi wamemficha. Uliza kwanza choo cha shule kikoje.

Na hapa nitawaudhi baadhi ya wafadhili. Kila tarehe 25 Oktoba, siku ya mgongo wazi na vichwa vikubwa duniani, tunagawiwa fulana, na mwenye bahati anapata kiti mwendo. Tunashukuru, kiti ni kiti. Lakini kiti kinapigwa picha kikapendeza, mpira wa mkojo haupigiki picha, basi hakuna anayetuletea boksi la mipira.

Swali la pili ninaloulizwa, kwa sauti ya chini, ni "ulikula nini ulipokuwa mjamzito?" Hapo ndipo ninapochoka. Uti wa mgongo hufunga ndani ya siku 28 za mwanzo, wakati wengi wetu hatujajua hata kama tuna mimba. Vidonge vya damu, vile vyenye asidi ya foliki, vitamini inayosaidia uti huo kufunga, tunapewa kliniki miezi imeshapita. Inatakiwa mikrogramu 400 kwa siku kabla ya kushika mimba. Viwanda vikubwa vinatakiwa kuiongeza kwenye unga wa mahindi na wa ngano, lakini sisi tunaopeleka mtama na uwele wetu mashine ya mtaani, nani anatuongezea? Aliyewahi kujifungua mtoto wa hivi anahitaji dozi kubwa zaidi, kwa ushauri wa daktari. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 1991 ulionyesha dozi hiyo inapunguza uwezekano wa kurudia kwa asilimia 72. Mimi nilimeza kabla ya mimba ya pili. Kwa ya kwanza hakuna aliyekuwa ameniambia, na kunilaumu kwa nisichoambiwa ni uonevu.

Siku hizi binti yuko darasa la tatu na anajifanyia mwenyewe, kioo kidogo mkono mmoja, mpira mkono mwingine. Saa yake ya mkononi inalia saa nne, anainuka bila kuomba ruhusa, walivyokubaliana na mwalimu. Rafiki yake anamfuata kushika mlango wa choo, kwa sababu hauna komeo. Wiki iliyopita rafiki alikuwa mgonjwa, binti akabana mpaka jioni, usiku homa. Jumamosi baba yake akanunua komeo, akaenda nalo shuleni na bisibisi mfukoni. Alirudi nalo: mlango wenyewe umening'inia kwenye bawaba moja, mbao imeoza, hakuna pa kupigilia msumari. Jumatatu anakwenda kwa fundi seremala kuulizia bei ya mlango.