Swali la Yesu na swali la katekisimu

Hapa Bagamoyo, ambako Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni mwaka 1868, watoto wa komunyo ya kwanza bado wanafundishwa kwa maswali na majibu ya katekisimu, kitabu cha mafundisho ya imani. Katekista anauliza, "Nani aliyekuumba?" Darasa linaitika, "Mungu ndiye aliyeniumba." Wapo wanaosema huko ni kukaririshana tu, Yesu hakufundisha hivyo.

Wana hoja. Katika Luka 10 mwanasheria anamwuliza Yesu afanye nini aurithi uzima wa milele. Yesu anamrudishia: "Imeandikwa nini katika torati? Wasomaje?" Anajibu vizuri, kisha anataka ajue jirani yake ni nani, yaani nani yumo na nani hayumo. Yesu anasimulia habari za majeruhi wa njia ya Yeriko: kuhani akapita kando, Mlawi akapita kando, Msamaria akamhudumia. Halafu analigeuza swali: katika hao watatu, yupi alikuwa jirani wa aliyepigwa? Sasa mwanasheria hana tena wa kumpima ila nafsi yake. Anajibu, "Ni huyo aliyemwonea huruma." Neno Msamaria, jina la watu ambao Wayahudi waliwadharau, halimtoki kinywani, na Yesu hamlazimishi. Hapo hunigusa kila nikisoma, kwa kuwa walimu wengi tungeng'ang'ania alitamke.

Lakini watetezi wa kukariri nao tusiwapuuze. Mwanasheria alijibu kwa sababu Kumbukumbu la Torati na Walawi vilikuwa kichwani mwake. Mtoto asiye na akiba, ukimwuliza "Wasomaje?", atatoa nini? Hata kitendawili hakiteguliwi na asiyekijua kinachofumbwa. Na Yesu hakuwa wa kuuliza tu, mlimani alisema waziwazi, "Bali mimi nawaambieni." Tena maswali yake mengine yalikuwa makali. Aliwauliza wakuu wa makuhani ubatizo wa Yohana ulitoka wapi, wakakwama. Kumbana mtoto wa miaka tisa kwa namna hiyo mbele ya wenzake ni kumwumiza. Wale makuhani walikuwa watu wazima wenye mamlaka.

Kwa hiyo sioni kosa katika kukariri. Kosa ni kuishia hapo. Kule Kaisaria Filipi Yesu aliuliza kwanza watu wanamnena kuwa ni nani, na wanafunzi wakataja waliyoyasikia: Yohana Mbatizaji, Eliya, mmoja wa manabii. Ndipo akawageukia: na ninyi je? Katekisimu inatosha kwa swali la kwanza. Kwa la pili katekista hana budi kumwuliza mtoto mmoja mmoja, kisha anyamaze amngoje, hata kipindi kikimalizika na mada nyingine haijaguswa.

Petro alijibu sawasawa, "Wewe ndiwe Kristo," na muda mfupi baadaye alikemewa vikali kwa kuwa hakuwa ameelewa maana ya Kristo huyo kuteswa. Baada ya ufufuo, ufukweni mwa bahari ya Tiberia, aliulizwa tena, mara tatu, kama anampenda Yesu.