Jicho halipokei mwanga tu, linachuja
Nimesoma makala kuhusu kifaa cha kielektroniki cha plastiki inayopindika; mwandishi wake anasema kifaa hiki kimefikia jicho kwa kuwa kinapokea mwanga na kuukumbuka. Kukumbuka ni kweli: ukikimulika mara mbili harakaharaka, mkondo wa umeme wa mara ya pili huwa mkubwa zaidi, maana chaji za mmuliko wa kwanza bado hazijaisha, na sinapsi, yaani kiungo kati ya seli mbili za neva, hufanya vivyo hivyo. Ila kazi kubwa ya jicho ni kuchuja. Retina ina seli zaidi ya milioni 100 za kupokea mwanga, lakini neva iendayo kwenye ubongo ina nyuzi kama milioni 1 tu. Mengi yameshapembuliwa humohumo jichoni. Hapo ndipo pa kukipima. Halafu kuna suala la kudumu. Niliwahi kutengeneza maabarani utando wa P3HT, aina ya plastiki inayopitisha umeme kama ya kifaa hiki, zambarau iliyokolea kweli, nikauacha mezani chini ya taa bila kuufunika. Baada ya siku kadhaa ulikuwa umepauka, kwani hewa na mwanga vikishirikiana huila plastiki hii. Kuna aliyefanikiwa kuukinga na hewa ukabaki bado unapindika?