Mkato mmoja hautoshi kuijua fraktali

Walimu wa hesabu hapa Nakuru tunavutana: mwanafunzi mwenye karatasi na simu tu aonyeshweje fraktali, yaani umbo linalojirudia ndani yake kwa udogo zaidi na zaidi, ya vipimo vinne? Wapo wanaosema ikatwe, aone mikato yake bapa. Wengine wanataka kivuli chake, kwa hoja kwamba mkato hudanganya.

Hoja ya udanganyifu ni nzito, na ushahidi upo hata kwenye vipimo vitatu. Mwanahisabati Karl Menger alieleza sponji yake mwaka 1926: gawa mchemraba vipande 27, ondoa kile cha katikati kabisa na vile 6 vya katikati ya nyuso, kisha rudia kwa 20 vilivyobaki, bila kikomo. Uso wake ni zulia la Sierpiński, yaani mraba uliotobolewa katikati tena na tena, limeshikana lote. Ikate sambamba na uso huo, nusu kwa nusu, unapata vumbi: hakuna nukta mbili zilizounganika. Ikate mshazari kupitia kitovu, umbali sawa kutoka pembe mbili zinazokabiliana, unapata pembesita yenye matundu ya nyota za ncha sita. Aliyeona ule mkato wa vumbi pekee ataapa kwamba sponji imesambaratika.

Lakini kivuli nacho? Imulike sponji hiyo wima kutoka juu: kivuli ni zulia lilelile. Mshikamano umeonekana, vumbi la katikati limefichika, wala hakuna dalili kwamba lipo. Ndiyo maana naegemea mikato, mradi iwe mingi na kila mmoja uandikwe umekatwa wapi. Kwenye ramani ya kreta ya Menengai, kontua moja (mstari wa mwinuko sawa) isiyo na namba haisemi kama ni kilima au shimo. Kontua nyingi zenye mwinuko zinasema.

Tena picha maarufu ya Mandelbrot yenyewe ni mkato. Kanuni yake, z mraba kuongeza c, inayorudiwa tena na tena kwa jibu lililopatikana, ina namba changamano mbili, kila moja yenye sehemu mbili, yaani vipimo vinne; nukta huwekwa kwenye picha ikiwa z haikimbilii mbali bila kikomo. Anzisha z kwenye sifuri, ubadilishe c: Mandelbrot. Shikilia c, ubadilishe z ya kuanzia: seti ya Julia. Na mikato hii inajuana. Ukichagua c iliyomo ndani ya Mandelbrot, Julia yake imeshikana. Ukichagua ya nje, ni vumbi. Uhusiano huo hakuna kivuli kitakachouonyesha, nao mwanafunzi anaweza kuujaribu mwenyewe kwa kikokotoo, nukta moja baada ya nyingine.