Folda Namba Nne

Mwakeye ndugu zangu. Nyie mmeamka. Mimi nimekesha.

Nina stesheneri hapa Mwanga, Kigoma, mlango mmoja, kompyuta moja, na printa moja yenye kikohozi. Nachapa barua za kuomba kazi, kadi za michango, mihtasari ya vikoba na hati za mauziano ya viwanja. Juzi umeme ukakatika nikiwa katikati ya sentensi. Ukarudi, nikawasha. Ukakatika tena kabla sijakaa sawa kitini. UPS, ile betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika, ninayo, usinicheke, ila ilishakufa zamani, siku hizi naitumia kuwekea chupa ya chai.

Uliporudi mara ya tatu, kompyuta ikawaka vizuri, lakini LibreOffice, programu yangu ya kuchapia, ikawa mgonjwa. Naibofya, inatoa kile kibao chake chenye jina, mstari unatembea mdogo mdogo, unafika mwisho, halafu kimya. Inajifunga. Naibofya tena, vilevile. Na kwenye benchi langu wamekaa watu watatu kutoka Ujiji: muuzaji wa kiwanja cha Buzebazeba, mnunuzi aliyebana bahasha ya kaki kwapani kama kuku wa sikukuu, na mzee mmoja mwenye kanzu, shahidi. Mnunuzi hataki kulala na ile bahasha usiku mwingine. Muuzaji naye hataki mnunuzi alale akabadili mawazo.

Mimi akili yangu ni ya fundi baiskeli: kitu kikigoma, kitoe, weka kipya. Nikaiondoa LibreOffice yote. Nikanunua bando, nikashusha upya, MB zaidi ya 300, wazee wananitazama kama nasubiri boti pale Kibirizi. Nikaiweka. Nikaibofya. Kibao, mstari, kimya.

Nikajua nimekosea kuitoa, labda mizizi imebaki. Nikaitoa tena kwa hasira. Bando la pili. Kibao, mstari, kimya. Yule mzee wa kanzu akauliza, kwa upole kabisa, "Kijana, kwani mwaka gani ulianza kazi hii?"

Akaingia binti mmoja wa chuo, kaja kubaundi ripoti yake ya fildi. Akaniangalia nikinunua bando la tatu, akasema, "Baba, hata uishushe mara kumi. Programu ni nzima. Kinachoumwa ni kumbukumbu zako."

Nilitaka kumjibu vibaya, ila alikuwa na ripoti mbili za kubaundi.

Basi akanieleza. Kumbe programu inakaa sehemu yake, na mapendeleo yangu mimi, fonti ninayoipenda, vitufe nilivyovipanga, maneno niliyoifundisha, vyote vinakaa kwenye folda nyingine ya pembeni inayoitwa user. Ukiiondoa programu, ile folda haiguswi. Ukiirudisha, inaikuta palepale na ubovu wake, inaikumbatia, wanaanguka wote wawili. Yaani mimi nilikuwa nabadilisha nyumba, mgonjwa nahama naye.

Sasa kuitafuta. Ndugu zangu, mtu akificha pesa kwenye debe la mawese hafichi hivi. Nikaingia kwenye diski C, nikaingia Users, nikaingia jina langu, nikaona Picha, Muziki, Nyaraka. Folda yenyewe haipo. Binti akasema inaitwa AppData na Windows imeificha. Imeificha nani asiione? Kompyuta ni yangu, nimeilipia kwa awamu sita! Akaniambia bonyeza ile alama ya Windows pamoja na R, andika appdata. Nikaandika. Folda ninayoitafuta bado sikuiona. Akasema, "Weka alama ya asilimia mbele na nyuma, baba." Nikaweka. Mlango ukafunguka kama umetamkiwa dua.

Ndani kuna folda ya LibreOffice, na ndani yake kuna folda inaitwa 4. Nne tu. Mimi toleo langu linaanza na 24, maana mwaka 2024 hawa jamaa walianza kuhesabu matoleo kwa mwaka. Ishirini iko wapi? Binti akasema ni hiyo hiyo, lile jina lilianza na toleo la 4.0 la mwaka 2013 na hawajalibadilisha. Sawa. Hata mimi mtaani wananiita Dogo, na nina kitambi.

Ndani ya 4 ndipo nikaiona user. Nikataka kuifuta hapo hapo. Binti akanishika mkono: "Usifute, badilisha jina tu." Kwanza ikakataa, kumbe kuna LibreOffice ilikuwa bado inapumua chinichini bila kuonekana, tukaizima. Nikaiita user.zamani. Kabla ya hapo nikachungulia faili moja lenye jina refu, registrymodifications.xcu, nikalifungua kwa Notepad. Jamani! Limeandika kila kitu. Dirisha nililiacha na upana gani, faili zipi nilizifungua mwisho. Mjumbe wa nyumba kumi hana daftari la namna hiyo. Binti akasema wenye Word nao wana ya kwao, Normal.dotm, nayo unaibadilisha jina na Word inajitengenezea nyingine mpya. Nikasema Mungu awasaidie na wao.

Nikaibofya LibreOffice. Kibao, mstari, na dirisha hilo likafunguka, jeupe! Mzee wa kanzu akapiga makofi.

Furaha yangu ilidumu aya moja. Programu imezaliwa upya, haimjui mtu. Buzebazeba, mstari mwekundu. Katubuka, mwekundu. Mwandiga nzima imekuwa kosa la tahajia. Vipimo vimekuwa vya inchi. Nikajaribu kuprinti ukurasa mmoja, printa ikawasha taa ya njano ikidai karatasi ya Letter, kwa sababu Windows yangu imewekwa kwa mipangilio ya Marekani. Letter! Kigoma hii mimi nauza rimu za A4, 210 kwa 297, hiyo Letter ni fupi kwa milimita 18 na sijawahi kuiona kwa macho.

Binti akasema, "Kamusi yako haijapotea. Ingia user.zamani, folda ya wordbook, chukua standard.dic, iweke kwenye user mpya. Hiyo tu. Mengine yaache huko, ubovu usirudi." Akalipa, akachukua ripoti zake, akaondoka. Yuko mlangoni ndipo akakumbuka kuniambia kwamba kwenye menyu kuna LibreOffice ya Safe Mode, ipo tangu mwaka 2017, inarudisha mipangilio ya kiwandani kwa kubofya tu. Nikamuaga kwa heshima.

Kamusi nikairudisha, Buzebazeba ikasafika. Lakini pembeni ya wordbook nikaiona autocorr, folda ya vifupisho vyangu. Nikiandika jmt inatoa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Nikiandika tsh inatoa shilingi za Kitanzania. Nimevikusanya miaka mitano, niviache kwa sababu binti kasema? Nikavirudisha vyote.

Nikachapa mauziano fasta, macho kwenye kibodi, jua linazama. Kurasa mbili za A4. Nikampa mzee wa kanzu asome kwa sauti, ndiyo desturi. Akasoma mipaka, akasoma bei, akafika kwa mashahidi. Akanyamaza. Akavua miwani, akaifuta kwa kanzu, akaivaa tena.

"Shahidi wa kwanza, mjomba bahili wa muuzaji."

Mpwa wangu ananisaidia dukani siku za Jumamosi. Jumamosi iliyopita aliniomba elfu mbili ya chipsi, nikamwambia kwao kuna ugali. Nadhani ndipo alipopata nafasi ya kuifundisha programu neno jipya.

Mzee hakunitazama hata mimi. Akamgeukia muuzaji, kalamu mkononi, hajasaini.

"Nani kamwambia huyu?"