P0301 haijasema koili imekufa

Gari linamisi, yaani silinda inakosa kuwaka zamu yake ikifika, taa ya cheki injini imewaka, fundi anachomeka mashine ya kusoma kodi chini ya usukani, inatoka kodi P0301, na hata waya haujachomolewa mwenye gari ameshatumwa dukani kununua koili, kile kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche. Kesho yake gari linamisi vilevile. Hili linaniuma kwa sababu namba hiyo inasomwa kama jina la kifaa kibovu, wakati kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, haikuiangalia koili, wala plagi, wala nozeli inayopuliza petroli. Iliangalia mwendo wa kranki, basi.

Chukua 1NZ-FE, injini ya Vitz, IST na Probox tunazopishana nazo kila siku. Kwenye kranki kuna sahani ya chuma yenye meno 34. Yangekuwa 36, ila mawili yameachwa makusudi ili pengo lile liwe alama ya kujua kranki imefika wapi. Sensa iliyokaa karibu na sahani inalihisi kila jino linalopita, na kontrol boksi inapima muda kati ya jino na jino. Injini ikiwa kwenye mizunguko 700 kwa dakika, mzunguko mmoja unachukua milisekunde 86 hivi, na kila baada ya milisekunde 43 silinda moja inatakiwa iwake na kuisukuma kranki, kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Ikiwaka, meno yanapita upesi kidogo. Isipowaka, kranki inapoteza nguvu na meno ya kipande kile yanachelewa. Sensa ya kamshafti inaeleza zamu ilikuwa ya silinda gani, na hiyo ndiyo inayoandikwa: P0301 ya kwanza, mpaka P0304 ya nne. Misi ikihamahama bila silinda moja maalumu inaandikwa P0300.

Kwa hiyo chochote kinachoifanya silinda ile isisukume kitatoa P0301 ileile: cheche hafifu, nozeli iliyoziba, valvu isiyofunga, ringi zilizoisha, gasketi ya manifoldi inayovuta hewa karibu na silinda hiyo.

Wapo mafundi wanaojibu kwamba koili za Toyota zenye pini 4 zina waya wa IGF unaoirudishia kontrol boksi jibu. Ni kweli upo. Lakini waya huo unathibitisha umeme wa upande wa msingi wa koili tu, yaani ule unaoingia kabla haujakuzwa kuwa cheche, na jibu likikosekana kodi inayotoka ni ya familia ya P0351 hadi P0354. Cheche yenyewe inaweza kupenya ufa wa mpira wa koili na kurukia ukuta wa shimo la plagi, IGF ikaitikia kama kawaida, na silinda isiwake. Chomoa plagi uitazame kwenye mwanga wa jua. Ukiona mstari mwembamba mweusi umejichora kwenye kauri nyeupe kutoka juu kushuka kwenye chuma, huo ndio uliokuwa njia ya cheche. Hapo badilisha plagi na mpira wake pamoja, maana kimoja kikiwa kipya kitaharibiwa na uzee wa kingine.

Taa nayo ina lugha yake. Kanuni za OBD II, yaani za gari kujipima lenyewe na kutoa kodi, zilianzia California na zikawa lazima Marekani nzima kwa magari ya kuanzia mwaka 1996, na ndizo zilizoweka hesabu mbili. Ya kwanza inafanywa kila mizunguko 200 ya kranki, ambayo kwa mizunguko 2000 kwa dakika ni sekunde 6 tu. Misi zikifikia kiwango cha kuyaunguza masega ya ekzosi (kile kisafisha moshi, katalitiki), taa inapepesa. Ya pili inafanywa kwa mizunguko 1000, inahusu moshi kuzidi kiwango, na kwa kawaida taa huwaka na kutulia misi ikijirudia kwenye safari ya pili. Taa inayopepesa maana yake petroli mbichi inafika kwenye masega na kuwaka mle ndani, yanaiva mpaka yanayeyuka na kuziba. Punguza mafuta, egesha gari. Kulisukuma mpaka nyumbani kwa sababu "bado linatembea" ni kununua hasara ya pili juu ya ya kwanza.

Jambo jingine linalowapoteza wengi ni sensa ya oksijeni. Silinda isipowaka, hewa yake inatoka na oksijeni yote. Sensa inaona oksijeni nyingi, kontrol boksi inaamini mafuta ni pungufu, inaongeza. Fundi anakuta marekebisho ya mafuta, yaani asilimia ambayo kontrol boksi imeongeza, yamepanda na anahukumu pampu ya petroli. Maliza misi kwanza, ndipo usome namba hizo.

Na barabara zetu? Matuta na makorongo yanaitikisa kranki kupitia matairi na giaboksi, kiasi cha kufanana na misi. Magari mengi yanatumia sensa za ABS, zile za breki zinazopima mwendo wa kila tairi, kutambua barabara mbovu, na hapo yanasimamisha kuhesabu. Ndiyo maana gari linaweza kumisi waziwazi kwenye vumbi na mashine isikute kitu. Lipime kwenye lami, mwendo usiobadilika.

Sasa kazi yenyewe. Usifute kodi kabla hujaandika data iliyogandishwa (freeze frame), yaani hali ya injini kodi ilipoandikwa: mizunguko, joto la maji, mzigo wa injini. Ukifuta, zinapotea, na hizo ndizo zinazoeleza kama misi ilitokea injini ikiwa ya baridi, kwenye mlima au ikiwa imesimama. Kwenye magari mapya kidogo, fungua Modi 06 kwenye mashine, ukurasa wa matokeo ya vipimo vya gari; inaonyesha idadi ya misi za kila silinda hata kabla taa haijawaka.

Kisha hamisha koili ya silinda ya 1 uipeleke ya 3, ya 3 ije ya 1. Boliti ni ya spana namba 10, moja kwa kila koili. Futa kodi, endesha. Ikigeuka P0303, koili ndiyo yenye makosa, nunua moja. Ikibaki P0301, hamisha plagi kwa namna hiyohiyo, huku ukipima nafasi yake, ambayo kwa plagi za kawaida za injini hii ni milimita 1.1. Ukikuta oili ndani ya shimo la plagi, badilisha sili za shimo kwanza, la sivyo mpira wa koili utalainika tena. Baada ya hapo ndipo nozeli. Hamisha kimoja kwa wakati mmoja. Ukihamisha viwili hutajua kipi kilileta jibu.

Misi isipohama kabisa, acha umeme, pima kompresheni, yaani presha ambayo silinda inaikandamiza hewa. Injini iwe ya moto, plagi zote nje, soketi za nozeli zimechomolewa, mafuta yamekanyagwa mpaka chini, betri imejaa. Kwa 1NZ-FE kipimo kizuri ni karibu 213 psi, cha chini kabisa 156, na tofauti kati ya silinda isizidi 14. Silinda ikiwa chini, tia oili kijiko kimoja kupitia shimo la plagi, pima tena. Ikipanda, ringi zimeisha. Isipopanda, tazama valvu, na kama silinda mbili zinazopakana ziko chini pamoja, tazama gasketi ya silinda hedi katikati yao.