Faranka hazijali upana wa prosesa

Duka la jumla hapa Lubumbashi likijumlisha mauzo ya mwaka kwa faranka, namba hukua haraka kuliko biashara yenyewe. Tuseme dola moja ni faranka 2,500: faranka 2,147,483,647 hazifiki hata dola 860,000. Na hapo ndipo inapokomea namba kamili ya biti 32 (tarakimu 32 za 0 au 1) inayokubali hasi. Ongeza faranka moja tu, na Go, lugha ya kuandikia programu, haitalalamika. Jumla inageuka hasi, na mwenye duka anaonekana amepata hasara ya bilioni mbili.

Si kila mashine itafanya hivyo, na hapo ndipo penye hatari. Katika Go, `int`, aina ya kawaida ya namba kamili, hufuata prosesa: biti 64 kwenye kompyuta mpya, biti 32 kwenye ile ya zamani iliyoko kaunta. Aliyeandika programu aliijaribu kwake, ikamtii.

Hata hivyo, waliobuni aina hiyo hawakukosea. Anwani za kumbukumbu na urefu wa safu za data lazima vilingane na mashine. Lugha ya Java ilikataa njia hiyo: `int` yake ni biti 32 popote. Hesabu hutoka ileile kila mahali, jambo zuri sana, lakini kwa kuwa nafasi ndani ya safu huhesabiwa kwa `int`, safu moja haiwezi kupita vipengele bilioni 2.1 hivi, hata seva iwe na kumbukumbu kiasi gani. OCaml, lugha nyingine, ni kali zaidi: mfumo wake hujichukulia biti moja ili kutofautisha namba na anwani, hivyo mashine ya biti 32 hubakiwa na 31. Duka letu lingekwama kabla ya dola 430,000.

Wapo wanaosema biti 64 huielemea prosesa ndogo ya biti 32. Kweli, kujumlisha huko huhitaji amri mbili badala ya moja. Kwa ankara za sukari na saruji, nani ataona?

Kwangu mimi, `int` ibaki kuhesabia vipengele, pesa ziwekwe kwenye `int64`, ambayo ni biti 64 popote. Wengi hukereka kwamba Go hudai ubadilishaji wa aina moja ya namba kuwa nyingine uandikwe waziwazi. Mimi naupenda, maana anayekagua anauona. Ila aangalie unafanyika wapi: `int64(bei*idadi)` hubadilisha jibu ambalo limeshaharibika, wakati `int64(bei)*int64(idadi)` hupanua kwanza, kisha huzidisha.